Swali la Kumi na Nne

Jumamosi saa tatu tulijiandikisha kwenye kaunta buku,
saba wa chuo, fulana za kijani zilizochapwa vibaya,
herufi ya mwisho ya WANAOJITOLEA imezama kwapani.
Lugendo, katibu wetu, aligawa kazi kama mtu agawaye karanga:
wewe deki, wewe kuni, ninyi wawili mkapalilie bustani,
na wewe, Byamungu wa Uvira, una sauti. Kasome.

Sauti! Ndiyo hiyo hiyo waliyoicheka chuoni
siku ya kwanza niliposema "kalasi" badala ya darasa,
nikawa nanunua kisamvu sokoni kwa kusonta kidole
ili nisiulizwe kwetu wapi.

Kwa wasioona, kidole hakisemi kitu.

Nikafungua Jiografia, kitabu cha wenye macho;
vya nukta nundu vilikuwa viwili kwa watoto thelathini na mmoja,
na kimoja panya amekila kuanzia Milima hadi Mito.
Sentensi mbili tu, Kalunde akainua kichwa
kutoka kwenye sleti, kalamu ya chuma imesimama hewani:
"Mwalimu, wewe umevuka maji."

Nilivuka. Siku nne za kungoja chombo,
kisha usiku mzima wa treni kutoka Kigoma,
begi kati ya miguu, cheti cha sekondari ndani ya soksi.
Hilo sikulisema. Nilisema: "Tuendelee, ukurasa wa arobaini."

Ukurasa wa arobaini ulikuwa kwetu.
Ziwa zima wamelipa mistari minne:
urefu, kina, nchi zinazolizunguka, na dagaa.
"Dagaa wakoje?" Kalunde akauliza.
"Usiku, taa za wavuvi hutapakaa majini kama..."
Nikanyamaza. Kama nini, mbele ya huyu?

Nikajaribu mlango mwingine.
Karabai huvuma ssss juu ya mtumbwi,
unaisikia kabla ya makasia.
Mchana mchanga unaunguza nyayo, nao wametandazwa hapo hapo,
harufu yao inakufuata mpaka kanisani.
Mama yangu huwapepeta upepo ukishuka mlimani,
magamba yanamganda usoni,
ukimbusu yanakukwaruza midomo.
Na kwetu hatusemi dagaa. Tunasema ndagala.

"Ndagala," likajibu darasa zima,
vinywa thelathini na kimoja, kwa lafudhi ya Uvira,
hapa Tabora, kilomita mia nne za reli kutoka ziwani.
Nje, aliyekuwa akipalilia aliacha jembe akasikiliza.

Ukaja mtihani wa muhula.
Swali la kumi na nne: *Taja samaki wadogo
wavuliwao kwa wingi Ziwa Tanganyika.*
Kalunde alitoboa karatasi yake taratibu,
Mwalimu Misigalo akaipapasa kwa vidole vyake viwili,
maana naye haoni, akasoma kwa sauti kavu:
"Ndagala. Wanakwaruza midomo."
Sufuri kati ya mbili.

Nilimfuata ofisini, fulana imenikauka jasho.
"Kijana," akasema, "mwongozo unasema dagaa."
Ni kweli. Niliugeuza mwongozo mbele na nyuma,
ulisema dagaa.
Aliniachia mkono kwenye kiti kidogo, kisha akauliza, polepole,
kama ni wale wa kukaanga au wa mchuzi.

Cheti changu kilitoka mwezi uliofuata:
*saa arobaini na mbili, kusoma kwa sauti,*
muhuri umepinda, jina langu limekosewa herufi moja.
Nikakitia kwenye ile soksi.

Jumamosi hiyo nilimwomba Kalunde radhi
kwa alama zake mbili.
"Tumefika ukurasa wa ngapi?" akasema.
Wa arobaini na moja.
Wa arobaini na moja ulikuwa Jangwa la Sahara.
Huko sijawahi kufika, wala sina ndugu.
Nilisoma kilichoandikwa, neno kwa neno,
na Kalunde akapiga miayo.